Simu ya sauti na bei yake: upande uliosahauliwa katika mjadala wa tiba mtandao Marekani

Tarehe 1 Oktoba 2025, shughuli za serikali kuu ya Marekani ziliposimama kwa kukosa bajeti, kilikwisha pia muda wa kibali kilichokuwa kikiwaruhusu wazee wenye Medicare, bima ya afya ya serikali kuu, kutibiwa na daktari aliye mbali (ndiyo tiba mtandao) huku wao wako nyumbani kwao. Ukiacha afya ya akili na huduma nyingine chache, sheria ilirudi pale ilipokuwa kabla ya korona: mgonjwa awe kijijini, na hata huyo wa kijijini aende kwanza kwenye kituo cha afya ndipo azungumze na daktari wa mjini. Kliniki nyingine ziliahirisha miadi, nyingine ziliendelea kutibu bila kujua kama zitalipwa. Serikali ilipofunguliwa tarehe 12 Novemba, baada ya siku 43, Bunge lilikirejesha kibali hicho, likakihesabu tangu siku kilipokoma, lakini likakipa uhai wa kufikia 30 Januari 2026 tu.

Wengi waliyachukulia hayo kuwa mvutano kuhusu video na programu za kisasa, yaani anasa ambayo mtu akiikosa hadhuriki sana. Ndani ya mvutano huo, hata hivyo, umo mwingine usiosikika vya kutosha, nao unahusu kifaa cha zamani kabisa: je, daktari aliyemsikiliza mgonjwa wake kwa simu ya kawaida, bila picha, alipwe sawa na yule aliyemwona ana kwa ana?

Kampuni za bima hujibu kwamba hapana, na jibu lao si la kubezwa. Daktari anayepiga simu hahitaji chumba cha uchunguzi wala kitanda, hapimi shinikizo la damu, hagusi tumbo, hasikilizi mapafu. Iweje basi alipwe kana kwamba amefanya yote hayo? Hofu yao ya pili ni kwamba huduma ikiwa rahisi kupatikana, watu wataitumia hata pasipo haja. Utafiti wa RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, uliotolewa mwaka 2017, uliowachunguza wanachama wa mfuko wa bima wa watumishi wa umma wa California waliotafuta daktari wa mbali kwa mafua, koo na maradhi mengine ya njia ya hewa, ulikadiria kwamba asilimia 12 tu ya miadi hiyo ilichukua nafasi ya safari ya kwenda kwa daktari, na asilimia 88 ilikuwa matumizi mapya. Kwa mwenye kulipa bili, takwimu hiyo inatisha.

Lakini inafaa kuuliza ni nani hao waliochunguzwa. Walikuwa watu wenye bima nzuri ya kazini, waliounganishwa na daktari wasiyemjua, kwa ugonjwa ambao aghalabu hupona wenyewe. Si mzee mwenye kisukari anayempigia daktari aliyemtibu miaka sita, na kuyachukua matokeo ya yule kuwa hukumu ya huyu ni kupima mchele kwa kipimo cha mafuta.

Takwimu ninayoirejea mara kwa mara ni nyingine. Watafiti walivifuatilia vituo 41 vya afya vya jamii huko California, vile vinavyopata ruzuku ya serikali kuu na kuwahudumia zaidi watu wa kipato kidogo. Kati ya Machi na Agosti 2020, katika miadi ya tiba ya kawaida, iliyofanyika ana kwa ana ilikuwa asilimia 48.1, ya simu ya sauti asilimia 48.5, na ya video asilimia 3.4. Inafaa kusimama kidogo juu ya namba hiyo ya mwisho. Ilikuwa miezi ambayo dunia nzima ilikuwa ikijifunza kukutana kwa video, katika jimbo lenye Silicon Valley, kitovu cha kampuni za teknolojia, na bado kwa kila miadi mia katika vituo vya watu maskini, video haikufika minne. Hata katika afya ya akili, ambako kuonana uso kwa uso kuna uzito wake, simu ilichukua asilimia 63.3 na video 13.9. Kwa hiyo mtunga sheria anayesema kwamba atailipia video kikamilifu na simu nusu bei, hata kama nia yake ni kulinda ubora, kwa hakika anapanga bei kulingana na mfuko wa mgonjwa. Mpango wa serikali uliokuwa ukizipunguzia familia zaidi ya milioni 23 gharama ya intaneti, kwa dola 30 kwa mwezi, uliishiwa fedha na kufungwa katikati ya mwaka 2024. Kuzitaka familia hizo hizo zihamie kwenye video baada ya hapo kunahitaji ujasiri wa aina yake.

Tena bei haiamui malipo peke yake, huamua kama huduma itakuwapo. Korona ilipoanza, Machi 2020, Medicare ililipa takriban dola 14 hadi 41 kwa mazungumzo ya simu kati ya daktari na mgonjwa. Mwishoni mwa Aprili 2020 ikapandisha kufikia dola 46 hadi 110, karibu sawa na miadi ya ofisini, kwa sababu ilionekana wazi kwamba wazee wengi hawana njia nyingine ya kumfikia daktari. Kwa dola 14 kliniki haipangi zamu ya simu. Inapokea simu kwa hisani, muuguzi akipata nafasi, jioni. Wanaosema kwamba simu haina gharama huisahau pia kazi isiyoonekana: faili husomwa vilevile, dawa huandikwa vilevile, na dhamana ya kosa ni ile ile. Kwa wasemaji wa Kiswahili walio Marekani, hasa wakimbizi kutoka Kongo, mara nyingi yuko pia mkalimani kwenye laini, na kila sentensi husemwa mara mbili. Dakika kumi na tano huwa thelathini, ilhali bima haihesabu hivyo.

Hoja ya udanganyifu hutajwa kwa sauti kubwa kuliko zote. Septemba 2022, ofisi ya mkaguzi mkuu wa Wizara ya Afya ilitangaza kwamba imewabaini watoa huduma 1,714 ambao madai yao ya tiba mtandao kwa Medicare katika mwaka wa kwanza wa janga yalikuwa ya kutiliwa shaka sana, yenye malipo ya dola milioni 127.7. Vichwa vya habari viliishia hapo. Hao 1,714 walitokana na watoa huduma wapatao 742,000, yaani hawafiki watatu katika kila elfu, na kutiliwa shaka si kutiwa hatiani. Ni kweli kwamba simu haiachi picha, na mkaguzi hana ushahidi mwingi wa kushika. Hilo linataka ukaguzi wa makini zaidi, wala halielezi kwa nini wale 740,000 na zaidi walipwe pungufu.

Medicare yenyewe, kuanzia mwaka 2025, inakubali kwa kanuni ya kudumu simu ya sauti kwa mgonjwa aliye nyumbani asiyeweza au asiyetaka kutumia video. Kasoro ni kwamba kanuni hiyo ya kudumu imejengwa juu ya kibali cha muda: nyumba ya mgonjwa ikiacha kutambuliwa kuwa mahali pa kutibiwa, kama ilivyokuwa Oktoba ile, simu nayo hukatika.

Majimbo yameenda kila moja kivyake. Karibu yote yanazitaka bima za binafsi zigharimie tiba mtandao, lakini ni kama nusu tu yanayolazimisha malipo sawa na ya miadi ya ana kwa ana, na si yote kati ya hayo yanayoitaja simu waziwazi. Jimbo la Washington, kwa sheria ya mwaka 2021, lililipatia jambo hili jibu ambalo mimi naliona la haki kwa pande zote: simu ilipwe sawa, mradi mgonjwa na mtoa huduma wawe na uhusiano wa matibabu uliokwisha kuanzishwa. Sharti hilo linamzuia yule mgeni wa utafiti wa 2017 bila kumgusa mzee wa kisukari. Linamwacha nje mgonjwa mpya, ambaye huenda ndiye aliye mbali zaidi na kliniki, na hilo ni dosari halisi. Dosari kubwa zaidi, hata hivyo, iko nje ya uwezo wa jimbo lolote: sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 inayojulikana kama ERISA inaziondoa chini ya sheria za bima za majimbo zile bima ambazo mwajiri anazigharimia mwenyewe, na mwaka 2024 asilimia 63 ya wafanyakazi wenye bima za kazini walikuwa humo. Kwao, kama simu ya daktari italipiwa na kwa kiasi gani, ni uamuzi wa mwajiri.