Mafuta ya Bangi Mombasa: Nani Anapima Kilichomo?

Vijana wa Mombasa waliokuwa wakiijua bangi ya msokoto tu, sasa wanaijua kwa sura nyingine: mafuta ndani ya vepu, yaani sigara za kielektroniki, biskuti za kuagiza kwa simu, chupa ndogo za matone zinazouzwa kwa jina la dawa. Wako wanaoshangilia, wakisema kilichokamuliwa ni safi kuliko majani na moshi wake. Wako pia, hasa wazazi na viongozi wetu wa dini, wanaosema bangi ni bangi, na kujua aina zake ni kupoteza muda. Mimi naona hao wa kwanza wanadai usafi ambao hapa hakuna anayeuthibitisha. Hao wa pili nao, kwa kukataa kutofautisha, wanamwachia muuzaji awe ndiye mwalimu.

Vitu vyenyewe havifanani. Hashishi ni utomvu wa bangi uliokusanywa na kugandamizwa. Ni ya kale, na manowari zinazopiga doria Bahari ya Hindi bado huikamata kwa tani ndani ya majahazi. Rozini hutolewa kwa joto na mgandamizo, bila kemikali. Shata ni ngumu na inang'aa, waksi ni laini, na zote mbili kwa kawaida hutolewa kwa butani, gesi ile ya viberiti. Distileti ni mafuta yaliyokenekwa mpaka THC, kemikali inayolevya, ikakaribia asilimia 90. Ua la bangi linalouzwa madukani Marekani siku hizi mara nyingi huwa na asilimia 15 hadi 25. Anayetoka kwenye msokoto akaingia kwenye distileti amefanya safari ya mtu aliyeacha mnazi akaenda kwenye chang'aa.

Wanaotetea hawasemi upuuzi. Moshi wa msokoto una lami na kaboni monoksidi, na kukamua mmea si dhambi peke yake. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha Epidiolex, ambayo ni CBD, kemikali ya bangi isiyolevya, iliyotakaswa kutoka kwenye mmea, kwa aina mbili za kifafa kigumu, Dravet na Lennox-Gastaut. Kuna watoto waliopungukiwa na degedege kwa sababu ya dawa hiyo. Mtu anayesema hakuna chochote chema kinachoweza kutoka kwenye mmea huu anabishana na hospitali.

Ila usalama wa Epidiolex umetokana na kiwanda kinachokaguliwa. Neno "mafuta" halikuuleta. Mama mmoja wa Likoni alinionyesha chupa aliyoagiza mtandaoni kwa ajili ya mwanawe mwenye kifafa. Kibandiko kilikuwa na picha ya jani na maandishi "1000 mg". Miligramu za nini, hakikusema. Hakukuwa na jina la mtengenezaji, namba ya toleo wala tarehe ya kuisha muda. "Dada, aliyeniuzia ameniapia haileweshi," akaniambia. Huenda aliyemuuzia alisema kweli, lakini wote wawili hawakuwa na njia ya kujua. Mwaka 2017 watafiti huko Marekani walichapisha matokeo ya kupima bidhaa 84 za CBD zilizonunuliwa mtandaoni. Zilizokuwa na kiwango kilichoandikwa hazikufika hata theluthi, na 18 zilikutwa na THC. Nilimsihi jambo moja tu yule mama: asimwachishe mtoto dawa za hospitali. Kukatiza dawa za kifafa ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokatika, na CBD yenyewe, ikitumiwa pamoja na valproeti, dawa mojawapo ya kifafa, inaweza kuathiri ini. Daktari wake lazima ajue.

Kwenye vepu ndiko ninakoogopa zaidi. Mwaka 2019 watu Marekani, wengi wao vijana wazima wa afya, walianza kufika hospitali wakishindwa kupumua. Hadi Februari 2020 waliolazwa au kufariki walikuwa wamefika 2,807, na kati yao 68 walikufa. Wengi walikuwa wamevuta mafuta ya THC, na katriji nyingi, yaani vichupa vya mafuta vinavyochomekwa kwenye vepu, zilitoka kwa marafiki au wauzaji wa mitaani. Aliyeshukiwa zaidi alikuwa asetati ya vitamini E, kitu kisicho na shida kikipakwa kwenye ngozi, ambacho wachakachuaji walikichanganya ili mafuta yaliyopunguzwa yabaki mazito na yaonekane bora. Wagonjwa 51 walipopimwa majimaji ya mapafu, 48 walikutwa nacho. Ule uzito ambao mnunuzi aliutazama kwenye mwanga akasema "hii ni kali" ndio huenda uliomuumiza.

Uingereza kukazuka jingine. Mwaka 2024 Chuo Kikuu cha Bath kilitangaza matokeo ya kupima vepu 596 zilizonyang'anywa wanafunzi katika shule 38: moja kati ya sita ilikuwa na spaisi, dawa ya kutengenezwa maabara inayoweza kusimamisha moyo. Watoto wengi walidhani wananunua THC. Hapa kwetu vepu inaingia mfukoni mwa sare ya shule bila shida, na mwalimu anayeijua vizuri harufu ya msokoto hatanusa kitu.

Kuhusu kukamua nyumbani nitasema kwa ufupi. Butani ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, na inangoja cheche tu. Katika chumba cha kupanga cha Kisauni chenye jiko, kitanda na mlango mmoja, anayejaribu anawaweka hatarini majirani ambao hata hawajui jina la anachokitengeneza. Rozini haina hatari hiyo, na hapo wanaoisifu wana haki. Lakini kama mmea ulinyunyiziwa sumu ya wadudu, sumu nayo inaweza kukolea pamoja na THC.

Nguvu yenyewe pia ni hoja. Utafiti uliotoka mwaka 2019 katika jarida la Lancet Psychiatry, uliofanywa maeneo 11 ya Ulaya na Brazili, uliona kwamba wanaovuta kila siku bangi ya THC ya asilimia 10 au zaidi walikuwa na uwezekano wa karibu mara tano wa kupata saikosisi, wakilinganishwa na wasiotumia kabisa. Haimaanishi kila mvutaji atarukwa na akili. Wengi hawarukwi, na kutuhumu kwa jumla kunawafanya vijana wasitusikilize. Lakini angalia vizuri: asilimia 10 ndiyo iliyoitwa kali pale. Biskuti nazo zina mtego wake, kwa kuwa huchukua nusu saa hadi saa mbili kupanda. Mlaji huona hazifanyi kazi, akala ya pili.

Basi ihalalishwe ili ipimwe? Kanada ilihalalisha bangi mwaka 2018, lakini vyakula na aina zilizokolezwa zikangojeshwa mwaka mzima, na pakiti ya chakula ikawekewa kikomo cha miligramu 10 za THC. Jimbo la Vermont, Marekani, liliweka kikomo cha asilimia 60 kwa bidhaa ngumu zilizokolezwa. Hata waliofungua mlango walisimama kizingitini. Nasi tunayo historia yetu: chang'aa iliruhusiwa kisheria mwaka 2010 ili iingie kwenye viwango, na bado Februari 2024 watu wakafa Kirinyaga kwa pombe yenye sumu. Sheria ya kuruhusu haiji na maabara ndani yake.

Wala sheria ya kukataza. Ile yetu ya dawa za kulevya ya mwaka 1994 inataja bangi, utomvu wake na mafuta yake, na vepu zimeingia vivyo hivyo. Mei 2024 serikali ya kaunti ilipiga marufuku muguka kuingia Mombasa, mahakama ikasimamisha amri kabla haijakaa. Tumezoea kuanzia kwenye marufuku na kuishia hapo hapo.

Kwa hiyo, kwa Mombasa ya leo, mimi siwezi kumwambia mtu kwamba kuna aina salama, kwa sababu hakuna mkononi mwake kilichopimwa. Ninachotaka kinawezekana bila kungoja Bunge. Vielelezo vya kesi tayari hupelekwa kwa Mkemia wa Serikali ili mahakama ithibitishiwe ni bangi. Kikikutwa ndani yake kitu cha kuua, kama spaisi au asetati ya vitamini E, umma utangaziwe wiki hiyo hiyo badala ya ripoti kulala kwenye faili. Na mzazi anayemkimbiza mtoto hospitalini usiku, akiwa anatapika au hapumui vizuri, aibebe ile vepu au karatasi ya biskuti ampe daktari, bila hofu kwamba askari ataitwa kabla ya oksijeni.