Nilivyoianika slipu yangu ya mshahara kwenye grupu la ukoo

Picha yenyewe huenda baadhi yenu mliiona. Niko Leicester, Uingereza, theluji imefunika barabara, nimevaa koti refu jeusi, na nyuma yangu limeegeshwa gari jeupe linang'aa kama sahani. Niliiweka stetasi asubuhi moja ya Januari nikitoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Nikaandika "Alhamdulillah kwa kila hali", nikapanda basi, nikaenda kulala. Nilipoamka saa nane mchana nikakuta jumbe kumi na saba. Nyingi zilikuwa za kunisifia. Mbili zilitoka kwa mjomba: katika ule wa kwanza aliniombea dua, katika wa pili aliniomba milioni mbili na nusu ya kununua bodaboda, "nitakurudishia pole pole mwanangu, wewe hazikuumi".

Gari si langu. Hata la nani silijui. Koti nililinunua pauni nane kwenye duka la hisani, yaani mitumba ileile ya kwetu, tofauti ni kwamba huku haijafungwa kwenye belo.

Kwa miaka mitatu nimekaa na wabeba boksi wenzangu tukilalamika kwamba nyumbani wanatuona ATM. Tunalalamika kwenye basi, tunalalamika jikoni kazini, tunalalamika hata siku ya mchezo wetu wa kuchangiana pesa wa kila mwezi, mmoja akiwa anahesabu pesa aliyopokea. Siku ile ya ujumbe wa mjomba nilikaa kitandani nikajiuliza: mzee huyu kakosea wapi? Nimemwonyesha gari, akaliona gari. Angeona nini kingine? Lile daftari langu la matumizi sijawahi kuliweka stetasi.

Msimamo wangu tangu siku hiyo ni huu, na najua wengi wenu hamtaupenda: mzigo tunaoulilia tumejitwisha wenyewe, kwa picha zetu. Tunataka sifa za tajiri na huruma ya maskini kwa wakati mmoja.

Hesabu ya mjomba naijua. Alisikia mahali kwamba napata pauni elfu mbili na kitu. Akachukua shilingi elfu tatu na kitu za Tanzania kwa kila pauni, akazidisha, akapata karibu milioni saba, akaishia hapo. Upande wa matumizi hakuuzidisha. Basi nikaamua kumzidishia mimi. Nikapiga picha slipu ya mwezi ule, nikafunika namba zangu za siri kwa kidole, nikaituma kwenye grupu la ukoo lenye watu sitini na mmoja, pamoja na sauti ya dakika nne.

Juu kabisa: pauni 2,128. Serikali inakata kodi ya mapato, kwa mshahara kama wangu ni asilimia 20 ya kinachozidi pauni 12,570 kwa mwaka. Inafuata bima ya taifa, kisha mchango wa pensheni. Mkononi inafika 1,760 na vichenji. Kodi ya chumba changu 475. Nikawaambia wazidishe hiyo nayo kwa elfu tatu na kitu, waone kama chumba kimoja chenye dirisha linalotazama ukuta hakijafika milioni na nusu. Mgawo wangu wa kodi ya halmashauri 58. Hii hulipwa miezi kumi, Aprili hadi Januari, ndiyo maana Februari na Machi mtaniona nimechangamka kidogo. Basi, simu, chakula. Akiba ya viza, maana kwa viza nyingi za kukaa hapa unalipia na huduma ya afya mapema, pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza, zote kwa mkupuo. Halafu nyumbani, 300, na ya kutolea juu yake. Kinachobaki ndicho kilichonunua koti la pauni nane.

Umeme niliusimulia peke yake, kwa sababu hapo ndipo nilipojua watanielewa. Nyumba yetu ina mita ya kulipia kabla, ni LUKU kabisa, isipokuwa huletewi tarakimu ishirini kwenye simu ukiwa umejilaza. Una ufunguo mdogo wa plastiki. Unatoka nao kwenye baridi, unaupeleka dukani, unajaziwa, unarudi kuuchomeka. Na kila siku mita inakata ada yake, kama nusu pauni, uwashe taa usiwashe. Nilikuja likizo Tanga wiki tatu, mwenzangu naye akaenda kwa ndugu zake Coventry. Niliacha pauni nne kwenye mita. Niliporudi nyumba giza, friji imezima, na wale samaki niliokuwa nimewaficha chini kabisa kwa ajili ya siku ya kurudi, tuseme tu niliwasikia kabla sijawaona.

Nikashika ufunguo nikaenda hadi duka la barabara ya Belgrave. Mwenye duka ni mzee wa Kihindi aliyezaliwa Jinja. Alifika hapa mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku tisini za kuondoka Uganda. Na Leicester wenyewe hawakuwataka. Halmashauri ya mji ilitoa tangazo kwenye gazeti la Uganda kuwaambia wasije. Wakaja. Leo ukipita Belgrave Road siku za Diwali huwezi kudhani mji huu uliwahi kuwaambia hivyo. Mzee yule Kiswahili chake ni cha dukani, cha zamani, na anakipenda. Nikajaza pauni 15. Nikarudi nyumbani nikachomeka, mita ikameza sita na nusu papo hapo, deni la siku ambazo sikuwepo. Kesho yake nilirudi kwake na ufunguo nikalalamika. Akaniangalia juu ya miwani.

"Mama, mita haijui safari," akasema. "Mita kula tu."

Nyumbani walicheka sana niliposimulia hilo. Shangazi akakumbusha kwamba LUKU nayo tangu 2021 inakata kodi ya jengo, kwa hiyo mita ya Uingereza na ya kwetu Ngamiani ni ndugu, baba mmoja.

Lakini kuna jambo moja ambalo halina ndugu huku. Barabara ya 12, kona ya kwetu, Mpemba mwenye duka ana daftari. Baba aliandikwa humo mchele, sukari, mafuta ya taa, mwisho wa mwezi analipa, Mpemba anachora mstari, yamekwisha. Mwezi baba alipochelewa mshahara, Mpemba alitingisha kichwa tu akaandika tena. Huku mshahara wangu haujachelewa hata siku moja, hilo lazima nilisifu, na nililisifu kwenye sauti yangu. Ila daftari la huku, yaani kumbukumbu ya namna unavyolipa madeni yako, liko kwenye kompyuta. Mwaka wangu wa kwanza sikujua kwamba akaunti ikikosa pesa siku ya makato ya simu unaweza kuandikwa. Niliandikwa kwa pauni 15. Nilishazilipa zote, na bado alama ile inakaa miaka sita. Nikitaka mkopo, mkopeshaji anaiona kabla hajaniona mimi. Nani nimwendee nimweleze? Hakuna Mpemba.

Baada ya kutuma, grupu lilinyamaza. Tiki za bluu zinaongezeka, hakuna anayeandika. Kwenye grupu ambalo mtu akituma picha ya chapati watu ishirini wanajibu! Mama ndiye aliyepiga, na alipiga moja kwa moja, hakuandika. "Mwanangu, mbona umejianika? Watatuonaje?" Nikamwambia mama, watatuona tulivyo. Akanyamaza kidogo, akauliza kwa sauti ya chini: hizo 300 unazoniletea zinatoka wapi basi? Nilikosa cha kumjibu. Sikuwa nimetaka hesabu ile imfikie yeye kwa namna hiyo, na hadi leo sina hakika kama nilimtendea haki.

Mjomba alisema slipu imetengenezwa kwenye kompyuta.

Aliyenishangaza ni mdogo wangu wa kiume. Anaendesha bodaboda ya mkataba: kila siku hesabu ya tajiri mwenye pikipiki elfu kumi, hadi mkataba uishe ndipo pikipiki iwe yake. Mimi kwa muda mrefu nilimwona mvivu. Stetasi zake ni yeye na wenzake kijiweni, miwani ya jua, muziki, supu ya pweza. Kila akiniomba elfu hamsini nilikuwa nasema moyoni, kapunguze supu. Usiku ule akanitumia picha ya ukurasa wa daftari la shule. Siku thelathini, zimepigwa mstari kwa rula. Hesabu elfu kumi, mafuta, matairi, faini, kilichobaki. Kuna siku ilibaki elfu tatu. Kuna siku mbili za mvua alikopa ili akamilishe hesabu, na mkopo ule ulikuwa wa zile programu za simu, zinazompigia mpaka mama mkwe wako ukichelewa. Benki Kuu ilizitangaza nyingi mwishoni mwa 2024 kwamba hazina leseni, lakini mtu mwenye shida usiku wa manane hasomi matangazo ya Benki Kuu.

Kwa hiyo na mimi nilikuwa mjomba. Nilikuwa nimeangalia miwani ya jua nikazidisha.

Siku hizi kila tarehe 28 tunabadilishana kurasa, yeye yake mimi yangu. Hatuambiani "pole" wala hatushauriani sana, anaangalia, naangalia. Mwezi wa tatu tulikubaliana mkopo wa programu nimlipie mimi wote, halafu nisitume kitu kwake kwa miezi miwili. Ilikuwa rahisi kuliko zile elfu hamsini hamsini nilizokuwa natuma kwa kununa.

Wapo walioniambia kwamba pesa si jambo la hadharani, kwamba mila zetu haziruhusu. Nawauliza: grupu la kamati ya harusi mmelisahau? Kule kila jioni mweka hazina anabandika majina yetu wote, fulani ameahidi laki mbili, amelipa elfu themanini, fulani ameahidi, hajalipa, na alama nyekundu pembeni. Kumbe za kutoa tunaanika bila haya. Za kupata ndizo zina mila.

Binamu yangu anaolewa Desemba. Orodha ilipoanza nilijiandikisha mwenyewe: "Dada wa Leicester, ahadi 50,000." Haikupita nusu saa mweka hazina akanipigia, tena pembeni, kwa adabu sana.

"Dada shikamoo. Samahani, naona kwenye ahadi yako kuna sifuri imebaki."

"Marahaba," nikamwambia. "Hakuna sifuri iliyobaki. Na 20,000 ya kwanza naituma kesho, na ya kutolea."