Mjomba Hakusoma Urusi

Mjomba wangu alisomea uhandisi Kharkiv, mji wa Ukraine iliyokuwa bado ndani ya Muungano wa Kisovieti, mwishoni mwa miaka ya sabini. Ukimuuliza alisoma wapi, atakwambia "Urusi", na ukoo mzima unamjua hivyo: yule aliyesoma Urusi. Hayuko peke yake. Wako madaktari na wahandisi wa rika lake waliosoma Kyiv, Odesa au Kharkiv, na wote tumewatia kapu moja. Ni sawa na kusema aliyesoma Makerere enzi za mkoloni alisoma Uingereza, kwa sababu bendera iliyopepea ilikuwa ya Mwingereza.

Mlangoni mwa bweni lao alikaa bibi mmoja. Kazi yake ilikuwa kutunza funguo na kuona nani kaingia, nani katoka. Siku moja mjomba alitupa nusu ya mkate uliokauka kwenye ndoo ya taka. Bibi akainuka, akauchomoa, akaupangusa kwa aproni, akaufunga kwenye leso na kurudi nao kitini kwake. Hakumkaripia. "Bora angenitukana," mjomba husema. "Aliniangalia kama mtu aliyenikuta nimesimama juu ya kaburi." Wenzake walicheka, wakasema ni ubahili wa kizee.

Piga hesabu. Mwanamke wa miaka 55 mwaka 1978 alikuwa na miaka kumi mwaka 1933. Na mwaka huo Kharkiv, iliyokuwa bado makao makuu ya Ukraine ya Kisovieti, ilikuwa ikiokota maiti za wakulima waliojikokota kutoka vijijini kutafuta chakula, wakafia barabarani.

Njaa hiyo Waukraine wanaiita Holodomor. Holod ni njaa. Sehemu ya pili inatokana na kitenzi cha kuua kwa kutesa. Ukame haukuwa chanzo. Ngano ilikuwepo, ikachukuliwa. Agosti 7, 1932 ilitoka sheria iliyofanya nafaka ya mashamba ya pamoja kuwa mali ya dola, na adhabu ya kuiiba ni kifo, au kifungo cha miaka kumi kwa aliyehurumiwa. Watu wakaiita sheria ya masuke matano, maana hata aliyeokota masuke yaliyosalia shambani baada ya mavuno alihesabiwa mwizi. Vijiji visivyotimiza kiwango cha nafaka kilichodaiwa na dola viliandikwa kwenye "ubao mweusi": maduka yakafungwa, bidhaa zikaondolewa, hata kiberiti na mafuta ya taa vikawa havipatikani. Januari 1933 Stalin na waziri mkuu wake, Molotov, wakatoa amri ya kuwazuia wakulima kutoka Ukraine na Kuban, eneo la kusini mwa Urusi, kwenda kutafuta chakula kwingine. Makadirio ya wataalamu wengi wa idadi ya watu yanazunguka milioni 3.5 hadi 4 kwa Ukraine peke yake, na wakati wote huo nafaka iliendelea kuuzwa nje.

Najua wapo wanahistoria wanaolibishia neno mauaji ya kimbari. Wanakumbusha kwamba Wakazakhi nao walikufa zaidi ya milioni moja katika njaa ya miaka hiyo hiyo, na kwamba kuna Warusi waliokufa. Ni kweli. Ila mimi hukwama kwenye ile amri ya Januari. Mwenye njaa akiondoka kutafuta chakula, ukamrudisha kwake ambako unajua hakuna, hapo siwezi tena kuzungumzia mavuno mabaya.

Kilichofuata kilinishangaza zaidi ya njaa yenyewe. Sensa ya 1937 ilipoonyesha watu wamepungua, matokeo yalifungiwa na waliosimamia hesabu wakakamatwa. Kwa miaka hamsini Ukraine haikuwa na neno rasmi la jambo hilo. Ilikuwa mwaka 1987 ndipo kiongozi wa chama huko, Volodymyr Shcherbytsky, alipotamka hadharani kwamba njaa ilikuwepo, na hata hapo akasingizia mavuno. Wakati wote huo kumbukumbu iliishi jikoni: makombo yanakusanywa kwa kiganja na kuliwa, mkate hautupwi, na mtoto akiuliza kwa nini, anaambiwa ale anyamaze.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema utambulisho wa Waukraine ulitengenezwa juzijuzi na wanasiasa wa Kyiv. Serikali ilikuja nyuma. Bunge lilipitisha sheria ya kuitambua Holodomor mwaka 2006. Wazo la kuwasha mshumaa dirishani kila Jumamosi ya nne ya Novemba, saa kumi jioni, lilipendekezwa na mwanahistoria Mmarekani, James Mace. Yeye alileta mshumaa tu. Aliyepaswa kukumbukwa alikuwa tayari anajulikana kila nyumba. Kwenye eneo la kumbukumbu lililofunguliwa Kyiv mwaka 2008 kuna sanamu ya msichana mdogo, amekonda, miguu peku, mkononi ameshika masuke matano ya ngano. Masuke hayo ni ile sheria, na nina hakika bibi wa bwenini asingehitaji kusomewa kibao.

Dai langu ni hili: Waukraine wameunganishwa na wafu wao kuliko mashujaa wao. Wakikaa matangani huwa kitu kimoja. Wakianza kuchagua nani apandishwe juu ya jiwe, ugomvi unaanza.

Lenin alikuwa rahisi. Desemba 8, 2013 waandamanaji waliiangusha sanamu yake katikati ya Kyiv, na ndani ya miaka michache zaidi ya 1,300 zikaondolewa nchi nzima. Wenyewe waliita leninopad, wakilichezea jina lystopad, mwezi wa Novemba kwa Kiukraine, yaani majani kupukutika. Raha tupu. Lakini kiti kikibaki wazi, nani akikalie?

Magharibi ya nchi wengi walimtaka Stepan Bandera. Alikuwa kiongozi wa wazalendo wenye siasa kali, Wajerumani wakamfunga tangu 1941 hadi 1944, na mwaka 1959 jasusi wa Kisovieti akamuua kwa sumu Munich. Kwa wengi wa Lviv, mji wa huko magharibi, hiyo inatosha: alikataa Moscow, akafa kwa ajili hiyo. Lakini jeshi la msituni lililotokana na chama chake liliua makumi ya maelfu ya Wapoland raia, wanawake na watoto wakiwemo, katika eneo la Volhynia mwaka 1943 na maeneo ya jirani baadaye, na watu wa harakati hiyo walishiriki kuwaua Wayahudi. Rais Viktor Yushchenko alipompa nishani ya Shujaa wa Ukraine mwaka 2010, mashariki walikasirika, Poland ikakasirika, na nishani ikafutwa na mahakama. Nadhani lilikuwa kosa kumpa, na sisemi hivyo ili kuwafurahisha Moscow, ambako jina hilo hutumiwa kama fimbo ya kumchapa kila Mukraine.

Mwaka 2025, huko Puźniki, magharibi mwa Ukraine, wataalamu walifukua mabaki ya Wapoland waliouawa, wakayazika kwa heshima. Hilo dogo limefanya kazi ambayo sanamu za Bandera hazitaiweza.

Wafu wa "wengine" ndio mtihani. Babyn Yar, bonde lililoko Kyiv, Wanazi waliua Wayahudi 33,771 kwa siku mbili tu, Septemba 29 na 30, 1941. Mnara wa Kisovieti wa 1976 ulizungumzia raia na wafungwa wa vita, Wayahudi haukuwataja. Menora ya ukumbusho, kinara cha taa cha Kiyahudi, ilisubiri hadi 1991. Watatari wa Crimea, waliosombwa na dola ya Kisovieti kwa mabehewa kuanzia Mei 18, 1944 kupelekwa Asia ya Kati, wengi wa Waukraine hawakuwawaza sana mpaka Crimea ilipotwaliwa na Urusi mwaka 2014. Bunge likautambua msiba wao mwaka uliofuata. Walichelewa. Nao walichelewa kwa sababu ileile inayotuchelewesha wengi: cha jirani huuma pale kinapogonga mlango wako.

Sasa kuna saa tatu asubuhi. Tangu Machi 2022 kila siku saa hiyo nchi husimama dakika moja kuwakumbuka waliouawa katika vita iliyoanzishwa na Urusi. Nimeangalia video nyingi: dereva anashuka garini, mwenye mfuko wa sokoni anauweka chini, kisha dakika inaisha na honi zinaanza. Hakuna jina linalosomwa, kila mtu anamtaja wake moyoni.

Vladimir Putin aliandika makala ndefu mwaka 2021 kudai Warusi na Waukraine ni watu wamoja. Aliyekuwa balozi wa Kenya katika Umoja wa Mataifa, Martin Kimani, alijibu vizuri kwenye Baraza la Usalama, Februari 2022, akikumbusha kwamba mipaka yetu nasi ilichorwa na wakoloni na tukaamua kutoibadili kwa bunduki. Mimi ningemuuliza Putin jambo dogo zaidi: kama ni watu wamoja, mbona Waukraine ndio waliozuiwa kutoka kwenda kutafuta mkate?

Mwaka jana nilimsomea mjomba habari za sheria ile ya masuke. Alinyamaza muda mrefu, akazungusha kikombe cha chai.

"Mjomba, yule bibi aliitwa nani?" nikamuuliza.

"Hatukuwahi kumuuliza. Sote tulimwita babushka."

Babushka ni Kirusi. Kwa Kiukraine bibi ni babusya, na mjomba, baada ya miaka mitano Kharkiv, alikuwa analisikia neno hilo kwangu kwa mara ya kwanza.