Jezi za zamani za besiboli: herufi zirudishwe au ziachwe?

Wakusanyaji wa jezi za besiboli kule Marekani wana ubishi usioisha na mimi naona ni wa maana sana. Jezi ambayo mchezaji aliivaa uwanjani miaka ya 40 au 50 inapatikana leo haina jina la timu kifuani wala namba mgongoni, sasa fundi azishone upya au iachwe hivyo hivyo?

Kwanza kwanini nyingi zinapatikana zikiwa tupu. Zamani klabu hazikuwa zinatupa jezi, zile za ligi kuu zikishachoka zinashushwa kwa timu zao za ligi ndogo, huko wanafumua jina la timu wanashona la kwao afu kijana ambaye hakuna anayemjua anaivaa mpaka inachakaa. Na zilikuwa nzito, flaneli (kitambaa chenye manyoya laini) ya sufu au sufu na pamba, mpaka timu ya Pittsburgh Pirates walipoanza kuvaa jezi nyepesi za kitambaa cha kufuma mwaka 1970. Ukiiweka kwenye mwanga unaona vitundu vya sindano vimejipanga, na pale herufi ilipokuwa kitambaa hakijapauka kama kwingine, yani jina zima la timu unalisoma wakati herufi hazipo.

Ndo maana wanaotaka zirudishwe wana hoja nzito. Fundi mzuri habuni kitu, anafuata vitundu vile vile, anatafuta felti, kile kitambaa kinene cha kukatia herufi, na uzi wa pamba wa enzi hizo, na mtu akiiona anaelewa mara moja nani aliivaa na wapi.

Shida ni pesa. Jezi ya Babe Ruth, nyota mkubwa wa besiboli wa zamani, ya fainali za 1932 iliuzwa mnadani 2024 kwa zaidi ya dola milioni 24, na kilichoipandisha ni kulinganishwa na picha za siku ile, herufi zimekaaje na vifungo, mshono umepita wapi. Herufi iliyoshonwa juzi haina ushahidi huo hata kidogo. Mmiliki wa kwanza anasema ukweli, wa pili anasema nusu, wa tatu ananyamaza na mnunuzi anapigwa. Nyuzi nyingi za kisasa zinang'aa kwenye taa ya UV, ile kama ya kukagulia noti, ila fundi aliyetumia uzi wa zamani taa haimkamati, kwahiyo kadiri kazi inavyokuwa nzuri ndivyo inavyozidi kuwa hatari isipoandikwa.

Mimi nasimama hapa: kama ilishafumuliwa na imebaki tupu, irudishiwe, picha zipigwe kabla na baada na karatasi ya fundi iende na jezi kila inapouzwa. Lakini kama bado ina herufi za ligi ndogo, jamani msiziguse! Yule kijana naye alicheza, jasho lake limo humo, kumfumua ili jina kubwa lionekane ni kumfuta mtu.

Na kuna watu wanafua, hilo ndo linaniuma zaidi. Rangi ya felti inachuja, flaneli inasinyaa, doa la udongo na jasho la kwenye kola vinaondoka na ndivyo vilikuwa vinathibitisha kwamba jezi ilichezewa kweli. Hata kiraka cha goti la suruali au kiwiko kilichoshonwa msimu ule ule kisibanduliwe. Tundu za nondo sawa, zishikiziwe kwa ndani na kitambaa chepesi zisiendelee kuchanika, ila maji na sabuni vikae mbali.