John Bright na saa ya Todmorden

Mtu akifiwa hatumwendei na habari za siasa. Tunampa pole, tunakaa naye, basi. Richard Cobden, mwanasiasa wa Uingereza, alifanya vingine. Septemba 1841 John Bright, mwenye kiwanda cha pamba wa mji wa Rochdale, kaskazini mwa Uingereza, alifiwa na mkewe Elizabeth, na yeye mwenyewe hata miaka 30 hajatimiza. Siku chache baadaye Cobden akaja. Akampa pole kama inavyopasa, kisha akamwambia kuwa kuna maelfu ya nyumba nchini ambamo wanawake na watoto wanakufa kwa njaa. Uchungu ukipoa, twende pamoja, tusipumzike mpaka Sheria za Nafaka zifutwe. Bright alikisimulia kisa hicho mwenyewe alipokuwa mzee.

Tangu 1815 sheria hizo ziliizuia ngano ya nje ili mabwana wenye mashamba wasishushiwe bei. Mkate ukawa ghali kwa kila aliyeishi kwa mshahara. Cobden na Bright wakazunguka mji kwa mji wakihutubia, Bright akaingia bungeni 1843, na mwaka 1846 sheria zikaondolewa. Wanaomsifu hupenda kuishia hapo.

Mimi nina neno. Mkate wa bei nafuu ulikuwa haki ya maskini, sibishi. Ila ulimfaa na mwenye kiwanda pia: mfanyakazi aliyeshiba kwa senti chache hana haraka ya kudai nyongeza, na nchi inayouza ngano Uingereza inapata fedha za kununua kitambaa cha Uingereza. Simwiti Bright mnafiki. Alikuwa Mquaker wa kuzaliwa, muumini wa Jumuiya ya Marafiki (watu wa Kaimosi, Kenya, wanaijua vizuri), na alikuwa mkweli kwa imani yake. Nasema tu kwamba katika vita ile dhamiri yake na mfuko wake vilipanda gari moja.

Viliachana mwaka uliofuata, 1847, ulipokuja bungeni muswada wa kuweka kikomo cha saa kumi kwa siku kwa wanawake na vijana wa viwanda vya nguo. Bright, aliyelia na njaa ya watu, aliupinga kwa nguvu zake zote. Kwake, kupanga saa za kazi za watu wazima haikuwa kazi ya Bunge.

Na mtu asiniambie kwamba ndivyo walivyofikiri wenye viwanda wote wa zama zile. Aliyeusimamia muswada huo mpaka ukapita ni John Fielden, mbunge wa Oldham, naye tajiri wa pamba, wa mji wa Todmorden usio mbali na Rochdale. Miaka ya nyuma Fielden aliwahi kusikia mkutanoni ni maili ngapi mtoto wa kiwandani hutembea kwa siku akifuata mashine huku na huko. Hakuamini. Aliporudi kwake akaweka saa mbele ya binti mmoja akiwa kazini, akamtazama kwa muda, akapiga hesabu. Maili zisizopungua 20. Ndani ya kiwanda chake mwenyewe! Na akaliandika jambo hilo, akalichapisha. Mwaka huohuo wa 1847 uchaguzi ukafika, na Fielden akakosa kiti.

Haki ya Bright nayo nitampa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipozuka 1861, na bandari za Kusini, yaani majimbo ya watumwa yaliyojitenga, zikazibwa, viwanda vya Lancashire, eneo la kina Bright, vilikosa pamba. Mamia ya maelfu ya watu wakawa wa kupewa msaada ili wale. Hata Unguja mtikisiko ulifika: kile kitambaa tunachokiita marekani, kilichokuwa kikitoka Massachusetts, kikaadimika, na vitambaa vya Uingereza na India vikapata mwanya. Mwenye kiwanda angeweza kusema, na wengi walisema, itambueni Kusini kuwa nchi tupate pamba. Bright alikataa. Alisimama na Kaskazini kwa sababu ya utumwa, hasara na iwe hasara. Usiku Rais Lincoln wa Marekani alipopigwa risasi, Aprili 1865, mfukoni mwake mlikuwa na kipande cha gazeti chenye maneno ya Bright ya kumuunga mkono. Na mwaka 1882, serikali yake ilipoipiga Alexandria kwa mizinga, Bright aliacha uwaziri akaenda zake.

Kwa hiyo mfuko haukumshinda kila mara. Kinachonisumbua ni umbali. Mtumwa wa Georgia alimwona, Mmisri wa Alexandria alimwona. Binti wa kiwandani aliyekuwa hatua chache kutoka ofisini kwake hakumwona, au alimwona akamhesabu kama sehemu ya mapatano ya biashara.

Sanamu ya Bright iko Manchester, katikati ya jiji. Ya Fielden iko bustanini Todmorden. Nikijaliwa kufika pande zile, nitaanzia Todmorden.