Asilimia yangu moja

Tangu mzee azikwe, hapa Bugembe, Uganda, wananiita "landilodi". Muuza rolex kaacha kunikopesha, eti mwenye nyumba anakopaje chapati na mayai mawili? Wa boda naye kapandisha nauli ya kwenda Jinja mjini, bei ya matajiri. Laiti wangeiona nyumba yenyewe siku ya mvua.

Mzee aliijenga kwa mshahara wa Nytil, enzi kile kiwanda cha nguo kikinguruma usiku kucha. Tofali alichoma mwenyewe. Mabati, nadhani mara ya mwisho yalipigwa msumari Amin bado yuko ikulu. Vyumba vinne, popo darini, na chumba cha uani anamokaa mpangaji ambaye kila nikimdai kodi ananijibu kwa upole:

"Mimi na marehemu tulielewana."

Mlielewana nini?

"Hayo ni mambo ya marehemu."

Sasa nimfuate mzee huko aliko na kitabu cha risiti?

Vikao vya familia tumekaa vitano. Tuko wanne, na kila mmoja ana nyumba yake kichwani. Dada wa Nairobi hataki kusikia habari ya kuuza, kitovu chake kimezikwa pale. Ila tukifika kwenye mchango wa mabati, mtandao wake unakatika. Kaka mkubwa anataka tuuze kesho asubuhi. Mnunuzi anaye, na kwenye simu mnunuzi huyo ana kikohozi kama cha shemeji yetu. Kitindamimba anasema tubomoe tujenge mizigo kumi, vile vyumba vya kupangisha kimoja kimoja. Nikamwambia, mdogo wangu, mzigo mmoja wa uani umetushinda, wewe unatuletea kumi?

Kikao cha tano mpangaji alihudhuria. Alikula wali, akapiga na kura.

Na kuuza kwenyewe si kama kuuza kuku. Unaanza na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ambaye alinigongea muhuri huku macho yake yakipima kiwanja. Cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha familia, kisha Msimamizi Mkuu wa Mirathi akupe barua kwamba hana pingamizi, ndipo uende mahakamani. Na tangu Sheria ya Urithi irekebishwe mwaka 2022, usimamizi ukiupata ni wa miaka 2 tu. Miaka 2! Sisi kikao cha kwanza kizima kiliishia kwenye nani kachukua redio.

Lakini lililoniuma ni cheo. Ukoo ulinikalisha kitini mbele ya watu, nikatangazwa mrithi, nikakabidhiwa fimbo ya mzee. Wiki nzima nilitembea nayo, hata chooni. Kumbe sheria inampa mrithi wa kimila asilimia 1. Moja! Fungu la watoto nagawana na wenzangu, halafu naongezewa hiyo moja kwa kazi ya kubeba fimbo.

Nikachukua futi kamba. Nyumba ni mita 10 kwa 12, kwa hiyo cheo changu kina mita za mraba 1.2. Nikaanza kuzitafuta humo ndani. Kitanda hakienei. Kiti cha mzee kinaenea, ila ukinyoosha miguu umeshaingia kwa dada.

Jana mvua ya ziwani ikaja bila hodi. Ndoo mlangoni, sufuria dirishani, beseni kubwa katikati ya sebule. Nikavuta kigoda kando ya beseni, nikapima kwa macho: beseni, kigoda na mimi, mita moja na kitu. Ndiyo hiyo! Nikakaa kwenye mali yangu, fimbo mkononi, matone yakinirukia magotini.

Mpangaji akachungulia dirishani, kalowa chapachapa, kafura.

"Landilodi! Mabati haya utabadilisha lini?"

Nikamwambia hayo ni mambo ya marehemu.