Katy Trail ya Missouri: njia nzuri ya baiskeli, na ardhi ambayo wenyewe hawakuulizwa

Katika jimbo la Missouri, katikati ya Marekani, kuna njia ya baiskeli na ya waenda kwa miguu iitwayo Katy Trail, yenye urefu wa takriban kilomita 386 kutoka Machens upande wa mashariki hadi Clinton upande wa magharibi. Magari hayaruhusiwi kuipita. Uso wake ni mawe ya chokaa yaliyosagwa na kushindiliwa, na kwa sehemu kubwa ya safari, kutoka karibu na St. Charles hadi Boonville, inafuata ukingo wa kaskazini wa mto Missouri, mashamba yakiwa upande mmoja na majabali marefu upande wa pili. Wanaoitembelea huisifu, na wana kila sababu ya kuisifu. Hata hivyo, miongoni mwa wakulima ambao njia hiyo inakatiza mashamba yao, wapo waliokwenda mahakamani kuipinga, na hoja yao haikuwa ya chuki wala ya ubinafsi kama ilivyodaiwa mara nyingi.

Uzuri wa njia hii umetokana na reli. Kampuni ya Missouri-Kansas-Texas, ambayo watu waliifupisha wakaiita Katy, ilijenga reli kandokando ya mto katika miaka ya 1890, na kwa kuwa treni haiwezi kupanda mlima mkali, wahandisi walichagua tambarare na miteremko ya upole. Matokeo yake ni kwamba leo mzee wa miaka 70 au mtoto anayejifunza baiskeli anaweza kupita mahali ambapo barabara ya kawaida ingemchosha au kumhatarisha. Karibu na Rocheport msafiri hupita ndani ya handaki la reli lililochimbwa mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1890. Reli hiyohiyo ndiyo iliyoiunganisha miji yenye historia. St. Charles ulikuwa makao makuu ya kwanza ya jimbo, kuanzia 1821 hadi 1826. Augusta, mji wa walowezi wa Kijerumani na mashamba ya mizabibu, ulikuwa eneo la kwanza la mvinyo kutambuliwa rasmi na serikali ya Marekani, mwaka 1980. Na Hermann, ulioasisiwa na Wajerumani katika miaka ya 1830, uko ng'ambo ya mto na hufikiwa kwa daraja.

Mafuriko ya mwaka 1986 yaliiharibu reli, na mwezi Oktoba mwaka huohuo kampuni ikaacha kuendesha treni katika sehemu hiyo. Hapo ndipo mgogoro ulipoanza. Mahali pengi kampuni za reli za karne ya kumi na tisa hazikuinunua ardhi yenyewe, bali zilipewa haki ya kupita tu, na kwa mujibu wa sheria za majimbo mengi haki hiyo hufa matumizi ya reli yanapokoma, kisha ardhi humrudia mwenye shamba. Lakini mwaka 1983 Bunge la Marekani lilikuwa limerekebisha sheria ya taifa ya njia za matembezi, likaweka utaratibu wa kuhifadhi mapito ya reli: iwapo kampuni inaacha kutumia reli na kuna chombo kilicho tayari kulitunza pito, basi pito hilo linahesabiwa kuwa halijaachwa, kwa sababu huenda reli ikahitajika tena siku za usoni, na wakati huo wa kusubiri linaweza kutumiwa na waendesha baiskeli. Missouri ikautumia mwanya huo. Mfanyabiashara Edward Jones, aliyejulikana zaidi kwa jina la Ted, alitoa dola 200,000 za kulipata pito na dola milioni 2 za kuanzia ujenzi, na sehemu ya kwanza ikafunguliwa Rocheport mwaka 1990.

Mkulima aliyekuwa akisubiri kurudishiwa ukanda wa shamba la babu yake aliambiwa kwamba ukanda huo bado ni reli, ilhali mataruma yalikuwa yameng'olewa na wageni walikuwa wakipita nyuma ya zizi lake. Watetezi wa njia walijibu kwamba mkulima huyo hakupoteza chochote, kwa kuwa treni ilikuwa ikipita hapo kwa takriban karne nzima. Mimi naona jibu hilo ni dhaifu. Aliyekubali treni ipite hakukubali bustani ya umma, na tofauti hiyo si ndogo kwa mtu mwenye mifugo, uzio wa kutengeneza na mitaro ya kuzibua. Mahakama nazo zimeuona uzito huo. Mwaka 1990 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya familia ya Preseault iliyotoka jimbo la Vermont, iliamua kwamba sheria ya kuhifadhi mapito ni halali, lakini ikaacha mlango wazi kwa wenye ardhi kudai fidia kutoka kwa serikali kuu. Wenye ardhi wa Katy walipodai, mahakama ya madai dhidi ya serikali kuu iliamua mwaka 2000 kwamba mali yao ilikuwa imetwaliwa kweli na kwamba walistahili kulipwa.

Kwa hiyo sheria ilikuwa halali na wakati huohuo wakulima walikuwa wameonewa. Kosa lilikuwa katika mpangilio: njia ilifunguliwa kwanza, na fidia ikaja baada ya miaka mingi ya mashauri, tena kwa yule tu aliyeweza kumlipa wakili au kujiunga na wenzake waliofungua kesi. Mtu aliyekufa akisubiri hakufaidika na hukumu hiyo.

Pamoja na hayo, siwezi kukubaliana na wale waliotaka pito lote lirudi mikononi mwa watu binafsi. Pito refu namna hii likishakatwakatwa haliunganiki tena, kwa maana itabidi kujadiliana upya na kila mwenye kipande. Daraja la zamani la reli huko Boonville lilidhihirisha jambo hilo. Kampuni ya reli ya Union Pacific, iliyoimeza kampuni ya Katy mwaka 1988, ilitaka kulibomoa na kutumia chuma chake, na walioiunga mkono njia walihofu kwamba kuvunjika kwa pito kungetikisa msingi wa kisheria wa njia nzima. Mvutano ulifika mahakamani, na hatimaye mwaka 2010 daraja likakabidhiwa mji wa Boonville.

Gharama ya utunzaji nayo inastahili kutajwa. Mafuriko makubwa ya 1993 yalisomba sehemu kubwa ya njia muda mfupi tu baada ya kufunguliwa, na mto huo utafurika tena. Changarawe ni nafuu kuitandaza upya kuliko lami, na huo ni mojawapo ya ubora wake, lakini bili ni ya kila mara, na jimbo ndilo linaloilipa. Faida, kwa upande mwingine, haigawanyiki sawasawa: Rocheport na Augusta zina nyumba za wageni, migahawa na mvinyo wa kuuza, wakati kijiji kilichobaki na ghala la nafaka tu huona baiskeli zikipita bila kusimama.

Maswali haya yote yamerudi katika pito la reli ya zamani ya Rock Island, ambalo sehemu yake ya kilomita zipatazo 230, kutoka Beaufort hadi Windsor, ilikabidhiwa mamlaka ya hifadhi za jimbo mwishoni mwa 2021. Windsor ndipo pito hilo linapokutana na Katy. Mwaka 2022 Gavana Mike Parson aliomba dola milioni 69 za kuliendeleza, wabunge wa jimbo wakazikataa, baadhi wakisema kwamba jimbo halijaweza hata kuzitunza hifadhi lililo nazo. Katika hilo nawaunga mkono wabunge kwa nusu. Kuligawa pito hilo kungekuwa hasara isiyorekebishika, na kwa hiyo jimbo lilishike; lakini kila kipande kifunguliwe baada tu ya uzio, mitaro na vivuko vya matrekta kuwekewa fedha, na baada ya mwenye shamba kuketishwa mezani akiwa jirani mwenye haki, hata kama hilo litafanya njia ichukue miaka mingi zaidi kukamilika.